Mpwa wa mume wangu amegeuka manjano na wateja wamenikimbia

Shikamoo Mama,

Mimi nauza chakula Manyatta hapa Kisumu, karibu na stendi ya bodaboda. Ni hoteli ndogo ya mabati yenye meza nne, lakini ndiyo inayotulisha na kuwasomesha watoto. Miezi mitatu iliyopita mume wangu alimleta mpwa wake, mtoto wa dada yake aliyeolewa Nakuru. Ana miaka 22, amemaliza chuo na bado hajapata kazi, tukaona anisaidie. Ni kijana mwenye adabu na mchapakazi. Nilimpa kazi ya kukata kachumbari, kutengeneza juisi na kupelekea wateja chakula mezani.

Wiki mbili zilizopita alianza kusema mwili mzito. Akapata homa, kichefuchefu, hataki hata harufu ya omena ikikaangwa. Siku za kwanza alijikaza akaendelea na kazi. Zahanati wakasema ni malaria, akameza dawa akamaliza, nafuu hakuna. Akarudi, akaambiwa ni taifodi. Hata hizo dawa za taifodi hajafika mbali, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, kisha macho yakageuka manjano. Leo ni siku ya tano. Hospitalini walipima homa ya ini aina ya B, haikuonekana. Daktari akasema inaelekea ni aina ya A, apumzike nyumbani, ale na anywe maji ya kutosha. Dawa hakumpa.

Tangu hapo sina amani. Mama mkwe ametoka Siaya na manyasi, anachemsha sufuria nzima na kumnywesha asubuhi na jioni. Kijana amekatazwa mayai, nyama na kitu chochote chenye mafuta. Sahani na kikombe chake vimetengwa. Jirani mmoja anasema ni homa ya manjano, mwingine ananong'ona kuhusu ukimwi. Wateja wameambiana kuwa siku moja kabla hajaugua alikula omena wangu, basi chakula changu kina sumu. Vijana wa bodaboda sasa wananipita wakielekea kwa jirani. Mume wangu anataka mpwa wake apandishwe matatu arudi Nakuru kwa mama yake.

Kinachonichanganya ni hiki. Watoto wangu watatu, wa miaka 10, 7 na 3, wanatumia maji yale yale ya kisima cha ploti na hakuna aliyeugua. Yule mdogo tu ndiye aliyeharisha kidogo zamani kidogo, kama mwezi mmoja na nusu uliopita, akapona bila hata dawa. Je, kijana alikuja na ugonjwa huu kutoka Nakuru? Dada anayeniosheza vyombo ana mimba ya miezi saba na ameanza kuogopa kuja kazini. Nifunge hoteli?

Mama Hoteli, Manyatta

*

Marahaba, binti yangu. Pole sana na mzigo huo, na umfikishie kijana pole zangu.

Kwanza, asipandishwe matatu yoyote. Mtu ambaye ini lake limevimba na anatapika hana nguvu ya kukaa saa tatu na zaidi barabarani hadi Nakuru, na huko atakakokwenda hakuna dawa ambayo Kisumu haina. Homa ya ini ya aina ya A haina dawa ya kuua virusi vyake popote duniani. Mwili ndio unaovishinda wenyewe, na kwa kijana wa miaka 22 asiye na ugonjwa mwingine wa ini, karibu kila mara unavishinda. Daktari hakumpuuza alipomrudisha nyumbani bila dawa. Hayo ndiyo matibabu.

Sasa nikueleze jambo ambalo natamani kila mtu wa ploti yenu alisikie, kwa sababu hofu yenu imeanza wakati usiofaa. Mnamwogopa kijana leo kwa kuwa macho yake ni ya manjano. Lakini mtu mwenye ugonjwa huu hutoa virusi vingi zaidi, kupitia choo kikubwa, katika wiki mbili kabla macho hayajageuka. Manjano yakishatokea, virusi hupungua haraka, na baada ya kama wiki moja hatari ya kuambukiza huwa imekwisha kwa mtu mzima wa kawaida. Kijana wako yuko siku ya tano. Wakati alipokuwa hatari ni ule alipokuwa amesimama kwenye meza yako, amevaa aproni, anakata nyanya na vitunguu, na kila mtu anamwona mzima.

Virusi hivi vinatoka kwa choo vinaingia kwa mdomo, na katikati huwa kuna mkono, maji au chakula. Havipiti kwa hewa, kwa mbu, kwa jasho wala kwa kusalimiana mradi mikono ni safi. Tena ni vigumu kufa. Vinaweza kukaa ndani ya maji miezi mingi. Chakula kilichopashwa moto tu hakiviui. Moto wa nyuzi 60 vinaustahimili hata nusu saa, vinataka nyuzi 85 kwa dakika moja. Ndiyo maana ugali wako unaotoka jikoni ukifuka moshi sina shaka nao, wala omena aliyekaangwa akakauka. Shaka yangu iko kwenye kachumbari. Nyanya imeoshwa kwa maji gani? Imekatwa kwa mikono iliyotoka wapi? Baada ya hapo haipiti motoni tena, inakwenda moja kwa moja kwa sahani ya mteja. Juisi ni hivyo hivyo, na barafu inayotiwa ndani yake pia. Mwaka 1988 huko Shanghai, China, watu wapatao 300,000 waliugua homa hii ya ini kwa kula kome wa baharini ambao hawakuiva vizuri, na wengi wao walikuwa vijana wa rika la huyu mpwa wenu na waliomzidi kidogo.

Na hilo rika ndilo jibu la swali lako kuhusu watoto, ambalo ni swali zuri kuliko yote uliyoniuliza. Ugonjwa huu humtendea mtoto mdogo tofauti kabisa na mtu mzima. Katika watoto walio chini ya miaka sita wanaoambukizwa, kama saba kati ya kumi hawaonyeshi dalili yoyote, na wanaougua huonekana wana tumbo au homa ndogo tu, bila manjano. Kwa watu wazima ni kinyume, wengi hugeuka manjano. Halafu ukishaupata mara moja, umekingwa maisha yako yote. Katika sehemu ambazo maji na vyoo bado ni shida, Shirika la Afya Duniani linasema watoto 9 kati ya 10 huwa wamekwisha kuambukizwa kabla ya kufika miaka 10, wala mama zao hawakujua. Wewe uliyekulia Kisumu, mume wako na mama mkwe, inaelekea mliupata mkiwa wadogo mkapona mkicheza. Watoto wako wakubwa wawili huenda wako hivyo pia.

Kijana amelelewa Nakuru, na kama nadhani sawasawa ni katika nyumba yenye maji ya mfereji na choo cha kuvuta maji. Mama yake alimlinda vizuri. Kwa hiyo akafika miaka 22 bila kukutana na virusi hivi hata mara moja, akaja akakutana navyo akiwa mtu mzima, wakati vinapouma. Jambo hili linaonekana katika nchi nyingi ambazo maisha yanaboreka: maambukizi ya utotoni yanapungua, na vijana wanaougua wakiwa wakubwa wanaongezeka. Kenya yetu ina nyumba za namna zote mbili, wakati mwingine katika familia moja, kama yenu.

Je, alikuja nao kutoka Nakuru? Hesabu haikubali. Tangu virusi viingie mwilini hadi dalili zianze ni kati ya siku 15 na 50, kwa kawaida kama wiki nne. Yeye ana miezi mitatu kwako. Ameupatia hapa. Kwa hesabu hiyo hiyo, hao wanaosema omena wa jana yake ndiye aliyemtia sumu hawana hoja, maana kilichomwambukiza alikila au alikinywa wiki kadhaa kabla. Huyo mdogo wako wa miaka 3 aliyeharisha, siwezi kusema ni yeye, watoto huharisha kwa sababu nyingi. Lakini muda unakubaliana, na mtoto mdogo anaweza kuendelea kutoa virusi wiki nyingi akiwa anarukaruka. Usimlaumu mtoto, wala usijilaumu wewe. Jiulize tu: nani humtawaza akitoka kujisaidia? Ni wewe, ama huyo dada wa vyombo, ama kijana mwenyewe alipoombwa msaada? Na baada ya kumtawaza, mikono ilioshwa kwa sabuni kabla ya kurudi kwenye kisu, au ilipanguswa kwa leso kwa sababu mteja alikuwa anaita?

Halafu kuna kisima. Manyatta na Nyalenda maji ya ardhini yako juu, visima ni vifupi, na vyoo vya shimo vimechimbwa hatua chache kutoka hapo. Mvua ikinyesha, vilivyo chooni hupata njia. Maji yakiwa maangavu hayakuambii kitu, kwa kuwa virusi havionekani wala havina ladha. Hicho kisima kifanywe cha kufua na kudeki. Ya kunywa, ya juisi, ya kuoshea mboga zinazoliwa mbichi na ya kusuuzia vyombo, chemsha hadi yatokote kwelikweli kwa dakika moja, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje nusu saa. Hata maji ya mkokoteni yanayosemekana ni ya mfereji, yafanyie vivyo hivyo, kwa kuwa hujui mtungi ulioshwa lini.

Sasa hoteli. Sikwambii uifunge, ila kuna mambo ya kufanya leo hii. Nenda kwa bwana afya wa wadi yenu umweleze wewe mwenyewe kabla hajaletewa maneno. Najua unaogopa kufungiwa. Lakini walioila ile kachumbari katika wiki zile mbili wanaweza kuanza kuugua wakati wowote katika mwezi mmoja na nusu unaokuja, na ni heri zahanati za mtaa zijue la kutafuta, wasimezeshwe dawa za malaria na taifodi kama kijana. Mwanzo wa magonjwa haya unafanana mno, na huku kwetu ziwani malaria ndiyo inayofikiriwa kwanza, nami siwalaumu waliomtibu. Ila mtu mzima mwenye homa, asiyetaka chakula, anayeumwa chini ya mbavu za kulia, na malaria yake haijaonekana kwa kipimo, aangalie rangi ya mkojo wake. Mkojo mweusi na choo kilichopauka hutangulia macho.

Kijana asiguse chakula cha wateja mpaka wiki moja ipite tangu manjano yaanze, na mimi ningemwongezea siku zaidi kwa kuwa bado ni dhaifu. Kachumbari, juisi na matunda ya kukata viondoke kwanza. Pika vinavyotoka motoni. Lile beseni la kunawia ambalo kila mteja anatumbukiza mikono ndani ya maji ya mwenzake liondoe kabisa, weka ndoo yenye mfereji na sabuni kando yake, mahali ambapo wateja wanaiona. Dawa ya kupaka mikononi yenye spiriti haitoshi kwa virusi hivi, sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanayoviondoa. Mlango wa choo, komeo na ndoo ya humo vipanguswe kwa klorini kila siku, maana nyote wa ploti mnavishika.

Wateja ukiwaambia ukweli, wengine watakwenda na wengine watabaki. Waambie ulichobadilisha na waone kwa macho yao. Hakuna njia nyingine ninayoijua ya kurudisha imani ya mtu anayekula kwako kila siku.

Chanjo ya homa hii ya ini ipo, na ni nzuri. Haimo katika chanjo za bure za watoto wetu, ile wanayopata wakiwa wachanga ni ya aina ya B. Baadhi ya hospitali za kibinafsi huwa nayo kwa malipo, sindano mbili zinazopishana kama miezi sita. Mtu ambaye hajawahi kuambukizwa akichomwa ndani ya wiki mbili tangu akaribiane na ugonjwa, inaweza kumkinga. Kwako na watoto wakubwa sioni haja ya kukopa pesa kwa ajili hiyo. Lakini kama kijana ana dada au kaka Nakuru waliolelewa kama yeye na wanapanga kuja kumwona, wao waiulizie.

Dada wa vyombo nisikilize kwa makini. Aina ya A kwa kawaida haimdhuru mjamzito kupita wengine. Ila umeniandikia kwamba daktari alisema "inaelekea", hakukuwa na kipimo. Kuna aina nyingine, E, inayopita njia hii hii ya maji machafu, na kwa kijana inafanana kabisa na A. Mwaka 2012 ilizuka kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab. Hiyo kwa mwanamke aliye katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba ni hatari mno, inaweza kuua hadi mmoja kati ya wanne au watano wanaoipata. Kwa hiyo mrudishe kijana hospitalini apimwe damu kwa kingamwili aina ya IgM ya homa ya ini A, yaani alama ambayo mwili huiweka kwenye damu ukiambukizwa karibuni. Ikionekana, mmejua. Isipoonekana, daktari afikirie E. Wakati mnangoja, huyo dada anywe maji yaliyochemshwa tu, asioshe choo wala nguo za mgonjwa, na kliniki ya wajawazito waambiwe kuna mtu mwenye manjano kazini kwake. Akianza kichefuchefu kisichokuwepo au mkojo kubadilika, aende siku hiyo hiyo.

Jirani wa homa ya manjano umwambie kwa upole kuwa hiyo ni nyingine, inaletwa na mbu. Na anayetaja ukimwi hana analojua. Manjano haya si alama ya tabia ya mtu.

Nimemwacha mama mkwe mwisho kwa sababu ni mzazi na anafanya kwa mapenzi. Mwendee akiwa peke yake, umshukuru kwa kuja, kisha umwombe ayaweke manyasi. Kila kinachomezwa, kiwe cha mti au cha duka, ni ini linalokichambua, na sasa ini la mjukuu wake limejeruhiwa. Dawa za asili nyingine hulidhuru hata ini zima. Hata panadol asipewe ovyo, ni mpaka daktari aseme na kwa kipimo chake. Zile za taifodi alizopewa, muulizeni daktari kama aendelee nazo. Pombe asiionje mpaka apimwe na kuambiwa ini limetulia. Kama mama mkwe anataka kumpikia, ampikie. Hakuna chakula kilichokatazwa. Mayai, samaki, nyama, ugali, chochote ambacho tumbo litakubali, kidogo kidogo mara nyingi. Mafuta mengi yanaweza kumtia kichefuchefu, hiyo ndiyo sababu pekee ya kuyapunguza. Kumnyima protini kunamchelewesha kupona. Na hicho kikombe chake kioshwe kwa sabuni na maji moto kama vingine, kirudi kabatini, aache kula kama mfungwa.

Uchovu utamchukua wiki kadhaa. Wengi hupona kabla ya miezi miwili. Kama mmoja katika kumi, au zaidi kidogo, manjano humrudia tena akidhani amepona, na inaweza kufika hata miezi sita kabla ya kutulia. Ikitokea msikimbilie mganga, arudi kwa daktari. Ugonjwa huu hauachi ini likiwa na virusi vya kudumu kama inavyoweza kufanya aina ya B.

Ila wachache sana, chini ya mmoja katika mia, ini huwashinda ghafla, hasa waliopita miaka 50 au wenye ini bovu tangu zamani. Kwa hiyo wewe na mume wako mpokezane kumwangalia. Akianza kulala mchana kutwa na kukesha usiku, akisema maneno yasiyoeleweka, akisahau mahali alipo, akitoka damu kwenye fizi au puani, tumbo likivimba, au akitapika kila anachokunywa, hiyo si ya kungoja asubuhi. Hao vijana wa bodaboda, hata kama hawali kwako wiki hii, mmoja wao atakubali kuamshwa usiku akamwite mwenye gari. Weka namba yake kwenye simu leo.